Mtoto amefungua redio: Kabla hujashika fimbo, muulize ameona nini ndani

Nilikuwa na miaka tisa nilipoifungua redio ya baba. Tulikuwa tunakaa Muleba, na redio ile ndiyo iliyokuwa inaleta taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilitaka kumwona mtu anayeongea. Nilitumia kisu cha jikoni badala ya bisibisi, nikakuta sumaku, nyaya nyembamba na vidude vyenye michirizi ya rangi. Nilipoirudisha, skrubu tatu zilibaki mkononi na redio ikawa kimya.

Nilichapwa. Sikumlaumu baba wakati ule na simlaumu leo, maana redio ilikuwa mali ya nyumba nzima. Lakini kilichonipata baada ya pale nakikumbuka vizuri: sikufungua kitu kingine kwa miaka mingi.

Likizo iliyopita, hapa Bukoba, nimerudi nyumbani nikakuta binti yangu wa miaka kumi amekaa barazani na taa ya sola imetawanywa vipande kwenye kanga ya mama yake. Mkono ulikuwa umeshainuka. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Baba, mbona kitaa kidogo hivi kinawaka kuliko ile balbu ya tochi ya zamani?"

Sikuwa na jibu. Na mzazi asiye na jibu hana haki ya kuinua fimbo.

Makala haya ni kwa mzazi mwenzangu ambaye ana mtoto wa namna hiyo: anayefungua tochi, anayetengeneza magari ya waya, anayeharibu saa ya ukutani. Siku hizi tunasikia habari za mafunzo ya roboti na uhandisi kwa watoto, ambapo mtoto anashika vifaa na kuunda kitu mwenyewe. Ni nini hasa kinachofundishwa? Kina maana gani kwa mtoto wa Kashai, Kamachumu au kisiwa cha Bumbile? Na kama karakana ya aina hiyo haipo karibu, mzazi afanye nini?

Roboti si mtu wa bati

Wengi wetu tukisikia roboti tunaona picha ya mtu wa chuma mwenye macho mekundu. Hiyo ni ya sinema. Roboti ni mashine yoyote yenye mambo matatu: kitu cha kuhisi, kitu cha kuamua na kitu cha kutenda. Kwa mwanadamu tungesema macho na masikio, ubongo, kisha misuli.

Chukua mfano wa nyumbani kwetu. Umeanika kahawa kwenye turubai, ukaenda shamba. Mvua ya Kagera haipigi hodi. Sasa fikiria kibao kidogo kinachopitisha umeme pale tu kinapolowa. Hicho ndicho kihisi. Kinapeleka taarifa kwenye kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, nayo imeandikiwa amri moja tu: ukilowa, washa mota. Mota inazunguka, inavuta kamba, na turubai la pili linafunika kahawa.

Hiyo ni roboti. Haina kichwa wala miguu, lakini imeokoa kahawa ya familia. Mtoto wa darasa la sita akielekezwa anaweza kuunda mfano wake mdogo mezani.

Kompyuta ndogo za aina hiyo zimerahisisha sana kazi. Arduino ilianzia Italia mwaka 2005 ili wanafunzi wapate kifaa cha bei nafuu cha kujifunzia. Micro:bit ilitolewa Uingereza mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wa shule. Kabla ya hapo, mwaka 2007, chuo cha MIT cha Marekani kilitoa Scratch, programu ya bure ambayo mtoto anapanga amri kama anavyopanga matofali, bila kuandika maneno magumu. Scratch inaweza kuwekwa kwenye kompyuta na ikatumika hata pasipo intaneti, jambo muhimu kwa shule zetu nyingi.

Uhandisi haukuja Kagera kwa ndege

Kuna mzazi atasema mambo haya ni ya Wazungu na Wachina. Huyo apelekwe Katuruka, eneo la Maruku, si mbali na Bukoba mjini.

Pale wanaakiolojia walichimbua mabaki ya tanuri za kufulia chuma zenye umri wa karibu miaka 2,000. Mabaki mengine yalipatikana Kemondo. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya ambao katika ujana wao walishiriki au walishuhudia kazi hiyo. Mwaka 1976 wazee hao walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Walifinyanga mirija ya udongo ya kupitishia hewa, wakachoma majani ya bwawani ndani ya shimo, wakaweka mkaa na mawe ya chuma, wakavukuta.

Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, wakieleza kwamba mababu hawa walikuwa wakipata chuma kigumu chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu namna hewa ilivyopata joto ndani ya mirija. Lakini kwamba chuma kilifuliwa hapa, kwa udongo wa hapa na akili za hapa, hilo halina ubishi.

Mwambie mwanao hivyo. Mtoto anayejua kwamba babu wa babu yake alidhibiti moto na hewa mpaka jiwe likatoa chuma, haogopi waya mbili na betri.

Tetemeko lililotufundisha

Sababu ya pili ya kulitilia maanani jambo hili ni chungu zaidi. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, ardhi ilitikisika mkoani kwetu. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15, likaangusha maelfu ya nyumba na kuharibu majengo ya shule, zikiwamo sekondari za Ihungo na Nyakato. Kila familia ya Bukoba ina simulizi ya siku ile.

Watu wengi husema tetemeko linaua. Wahandisi husema nyumba ndiyo inayoua. Ukuta wa matofali usiofungwa pamoja kwa nondo na mkanda wa zege, ile tunayoiita lenta, hupasuka kwenye kona na kuanguka vipande vipande. Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa ya miti na nyasi, nyepesi, ya duara, inayoyumba bila kuponda mtu.

Sasa, mtoto hawezi kufundishwa haya kwa maneno matupu. Mpe vijiti vya meno na udongo wa mfinyanzi, mwambie ajenge nyumba ya ghorofa mbili. Kisha chukua vibao viwili, weka gololi katikati yake, vifunge pembeni kwa mipira ya kufungia hela ili vibao visiachane. Weka nyumba juu, tikisa kibao cha juu.

Nyumba ya miraba itapinda na kulala. Mwache ahuzunike kidogo. Kisha mwambie aongeze kijiti cha mshazari katika kila mraba, uwe pembetatu mbili. Tikisa tena. Itasimama.

Hapo mtoto amegundua mwenyewe kitu ambacho fundi wa paa anakijua: mraba unapinda, pembetatu haipindi. Siku akiwa mtu mzima na fundi akamwambia "lenta tuiache, tutaokoa saruji", hatakubali. Hiyo ndiyo faida ambayo haionekani kwenye ripoti ya shule, na inaweza kuokoa roho.

Kujifunza kwa kukosea

Mtu aliyefikiri sana juu ya watoto na mashine alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akaja kuwa profesa wa MIT. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alishiriki kutengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi anapounda kitu anachoweza kukionyesha kwa wenzake.

Papert alikuwa na jambo jingine ambalo sisi wazazi tunalihitaji. Programu ya kompyuta karibu haifanyi kazi mara ya kwanza. Kwa hiyo mtoto anayeiandika haulizwi "umepata au umekosa?" Anaulizwa "imekwama wapi, na tufanyeje?"

Linganisha na tunavyowalea. Daftari likirudi na alama ya kosa, mtoto analificha. Kwenye meza ya roboti kosa halifichiki, maana gari limegonga ukuta na kila mtu ameona. Mtoto anacheka, analirudisha, anabadilisha namba moja, anajaribu tena. Akifanya hivyo mara ishirini kwa siku, anazoea kwamba kukosea ni sehemu ya kazi.

Kabla hujalipa ada, uliza haya

Mafunzo ya likizo ya aina hii yanaongezeka mijini, na si yote yana thamani sawa. Mzazi ana haki ya kuuliza maswali.

Kwanza, uliza watoto wangapi wanatumia seti moja ya vifaa. Wawili au watatu ni sawa, kwani wanajifunza kushauriana. Wakiwa kumi, wanane watakuwa watazamaji.

Pili, uliza kama mtoto anafuata picha za maelekezo tangu mwanzo hadi mwisho, au anapewa tatizo alitatue. Kufuata picha ni mwanzo mzuri, lakini kukiishia hapo ni sawa na kununua fumbo lililokwisha jazwa.

Tatu, mwulize mwalimu: "Kifaa kisipofanya kazi unafanya nini?" Akijibu kwamba anakirekebisha yeye, fikiri upya. Mwalimu mzuri anaweka mikono mfukoni na kuuliza maswali.

Nne, uliza mtoto atarudi nyumbani na nini. Si lazima awe na kifaa. Awe na daftari lenye michoro yake, makosa yake na alivyoyarekebisha.

Tano, usidanganywe na cheti chenye rangi ya dhahabu. Siku ya mwisho mwombe mwanao akueleze kifaa chake kinavyofanya kazi. Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, hela yako haikupotea.

Karakana iko jikoni kwako

Mzazi wa Nshamba au Rubya atasema, "Hayo ni ya mjini." La. Vifaa vingi viko kwenye boksi la takataka. Mwaka 2002 kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, alijenga kinu cha upepo kwa dinamo ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa nyumbani kwao. Alijifunza kwa picha za vitabu vya maktaba ya shule ya msingi kijijini.

Jaribu mambo mawili mwisho wa wiki hii, pamoja na ile nyumba ya vijiti.

Kikombe kinachochora. Toa mota kwenye gari la kuchezea lililokufa. Kwenye ncha yake inayozunguka chomeka kipande cha kifutio, lakini kikae upande mmoja, kisiwe katikati. Gundisha mota juu ya kikombe cha plastiki kilichogeuzwa, ukiweka pia betri mbili ndogo. Funga makapeni matatu pembeni yawe miguu. Ukiunganisha nyaya, kikombe kitatetemeka na kuchora miduara kwenye karatasi. Mwulize mtoto: kifutio kikisogezwa nje zaidi, michoro itabadilikaje? Mwache ajaribu kabla ya kujibu.

Mkono wa maji. Nunua duka la dawa mabomba mawili mapya ya sindano, moja kubwa na moja dogo, bila sindano zake, pamoja na mrija wa dripu. Yajaze maji, yaunganishe kwa mrija, hakikisha hakuna mapovu ya hewa. Ukisukuma dogo, kubwa linasogea polepole lakini kwa nguvu zaidi. Yafunge kwenye vipande vya boksi, utapata mkono unaonyanyua kikombe. Kisha mtakapopita barabarani mkakuta kijiko kinachimba mtaro, mwonyeshe yale mabomba yanayong'aa kwenye mkono wake. Ni kitu kilekile, ila pale wanatumia mafuta badala ya maji.

Kwa watoto wa visiwani na mialoni, somo liko majini. Wavuvi wa dagaa waliotumia karabai sasa wengi wanatumia taa ndogo za LED zenye betri. Mtoto anayejua kuunganisha taa hizo, kupima betri na kuzuia maji yasiingie, tayari ana ujuzi unaohitajika kwao.

Usalama kwanza

Udadisi usigeuke msiba. Mtoto asiguse kabisa umeme wa ukutani. Asifungue televisheni, tanuri la maikrowevu wala chaja iliyochomekwa, kwa sababu baadhi ya vifaa hubaki na umeme ndani hata vikizimwa. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, inaweza kuwaka moto.

Zaidi ya yote, angalia betri za mviringo zinazofanana na kitufe, zile za saa na rimoti. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza ndani kwa saa chache. Ukishuku amemeza, kimbia hospitali mara moja, usisubiri dalili. Kwa michezo ya watoto tumia betri za kawaida za tochi.

Na dada je?

Tuseme ukweli wa nyumbani. Gari la kuchezea tunamnunulia mvulana. Tochi ikiharibika tunamwita mvulana. Binti tunamwambia, "Acha, utajikata, njoo uchambue maharage." Halafu akifika kidato cha tatu akaacha fizikia, tunasema wasichana hawapendi sayansi.

Hawakupewa bisibisi. Ukimpeleka kaka kwenye mafunzo, mpeleke na dada. Na kwenye kikundi angalia nani anashika vifaa na nani anaachiwa kuandika na kufagia. Wapokezane.

Njia ipo mbele yake

Je, mchezo huu unafika wapi? Kuanzia Januari 2024 mitaala mipya imeanza kutumika nchini, na sekondari sasa ina mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma ufundi sambamba na masomo mengine. Mkono uliozoea vifaa tangu utotoni utakuwa nyumbani pale.

Kwa wanafunzi wa sekondari kuna Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo kila mwaka huwakutanisha wanafunzi na walimu wao Dar es Salaam kuonyesha utafiti walioufanya kuhusu matatizo ya mahali wanapoishi. Mwulize mwalimu wa sayansi wa shule yako kama anashiriki. Kimataifa, mashindano ya roboti ya FIRST Global yalianza mwaka 2017 Washington, na Tanzania imewahi kupeleka timu.

Hapa mkoani, chuo cha VETA cha Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilizinduliwa Oktoba 2022. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kujenga kampasi Itahwa, nje kidogo ya mji. Mtoto wa Kagera hahitaji tena kuamini kwamba ujuzi uko ng'ambo ya ziwa tu.

Lakini hakuna chuo kitakachomrudishia udadisi mtoto aliyeupoteza akiwa na miaka tisa.

Ile taa ya sola

Sikumchapa binti yangu. Tulizifunga zile vipande kwenye kanga tukaenda kwa fundi wa simu na redio karibu na soko. Nilimwomba asiitengeneze yeye, amwelekeze mtoto. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia, kisha akamvutia kiti.

Alimwonyesha kwamba balbu ya zamani inapasha waya joto mpaka uwake, hivyo umeme mwingi unapotea kwa joto. Kile kitaa kidogo hakipashi waya wowote, hivyo sehemu kubwa zaidi ya umeme wake inatoka ikiwa mwanga kuliko kwenye balbu ile. Akageuza nyaya za betri, taa ikagoma. Akazirudisha, ikawaka. "Huyu anakubali umeme upande mmoja tu," akamwambia, "kama mlango wa kusukuma."

Njia nzima ya kurudi binti alikuwa anaeleza. Jioni alimweleza mama yake, akamweleza na bibi yake kwenye simu. Taa inawaka mpaka leo, ingawa kuna skrubu moja imebaki. Nimeiweka kwenye mfuko wa shati langu.

Mzazi mwenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Kwa miaka mingi tumeutumia msemo huu kuhalalisha fimbo. Tuutumie sasa kumpa mtoto bisibisi. Safari ijayo ukikuta kitu kimefunguliwa sebuleni, vuta pumzi, kaa chini naye, umuulize swali ambalo mimi sikuulizwa: "Umeona nini ndani?"